Kipandauso na dumu la mafuta ya baba

Chumba cha mashine ya kukamulia alizeti kina joto la aina yake. Mbegu zikishaanza kuminywa, hewa yote hugeuka mafuta. Yanakaa kwenye kope, kwenye kanga, kooni. Nimekulia humo. Baba ana mashine moja ndogo huko kwetu Iramba, mkoani Singida, na hadi leo nikifumba macho naweza kukuambia kama mbegu iliyomwagwa imekauka sawasawa, kwa mlio wake tu.

Ni humo pia kipandauso kilinikuta mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka 14. Kilianza kama doa la mwanga pembeni mwa jicho la kulia, linametameta kama bati jipya juani, likatambaa polepole hadi nikawa naona nusu tu ya uso wa baba. Baada ya dakika kama 20 doa likaisha, nikashukuru. Kumbe ndiyo kwanza kulikuwa kunakucha. Kichwa kikashika upande wa kushoto, kikawa kinagonga pamoja na moyo, na harufu ya mashudu niliyoizoea tangu utoto ikanitapisha. Mama alinilaza kwenye chumba cha giza, akanifunga kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akakaa mlangoni bila kusema neno. Nimemeza dawa nyingi tangu siku ile, lakini kile kimya cha mama bado nakikumbuka kwa shukrani.

Sasa nina miaka 37, nafundisha kemia sekondari hapa Dodoma. Anayeishi na maumivu ya muda mrefu anajua hesabu ninayotaka kuisema: vipindi ulivyoomba mwenzako akushikie, harusi ya mdogo wako uliyoimaliza umelala kwenye gari, mtoto anayefundishwa mapema kwamba mama akifunga pazia asiulizwe kitu. Mguu ukivunjika watu huona plasta, wakakupisha kiti. Kichwa hakina plasta. Miaka kadhaa iliyopita niliingia kwenye kituo kimoja cha afya baada ya siku tatu za kutapika. Nikapimwa malaria, nikapimwa presha, nikapimwa damu, kisha mganga akaniangalia kwa huruma ya kweli, akasema: "Dada, vipimo vyako vyote vizuri. Punguza mawazo."

Sikumchukia. Lakini neno lile lilinikaa. Lilimaanisha kwamba kisichoonekana kwenye karatasi hakipo, na kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayekitengeneza. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliyewahi kuambiwa hivyo. Maumivu yako yana kemia. Yana malighafi, yana vimeng'enya vinavyoichakata, yana milango kwenye mishipa ya fahamu inayofunguka na kufungwa. Na sehemu ya malighafi hiyo hupita kwenye sufuria yako kila siku. Sijasema yote, nimesema sehemu. Ila hata sehemu ni kitu, kwa mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa na pa kushika.

Mafuta tunayokula si kuni za mwili tu. Kila seli imefunikwa na utando, na utando huo umefumwa kwa asidi za mafuta, nyingine zikiwa zimetoka moja kwa moja kwenye chakula. Kula mafuta ya aina moja miaka mingi, na mwili wako utafanana nayo. Hili linapimika. Huko Marekani, wataalamu wamekuwa wakichukua vipande vidogo vya mafuta ya chini ya ngozi ya watu na kuvichambua. Mwaka 1959 asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo kubwa kwenye mafuta ya mbegu kati ya ukoo wa asidi za mafuta uitwao omega-6, ilikuwa takriban asilimia 9 ya asidi za mafuta zilizokutwa humo. Kufikia 2008 ilikuwa imevuka asilimia 21. Katikati ya miaka hiyo mafuta ya soya yalikuwa yameingia kwenye karibu kila kitu kinachokaangwa na kuokwa nchini mwao.

Sasa kabla mtu hajakimbilia kusema linoleiki ni sumu, asikie habari za panya wa Minnesota. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wakiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, walitangaza matokeo ya kuwanyima panya mafuta kabisa. Panya walidumaa, mikia yao ikaota magamba, wakawa wanakufa mapema. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kiasi kidogo cha asidi ya linoleiki kinatosha kuwarudishia afya. Mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe, ni lazima uile. Hata kwa upande wa moyo, kula mafuta haya badala ya mafuta yanayoganda hushusha kolesteroli mbaya. Kwa hiyo swali halijawahi kuwa kama linoleiki inafaa. Swali ni kiasi gani, na imeandamana na nini.

Nisimulie inakokwenda. Linoleiki ina kaboni 18 na vifungo maradufu viwili. Mwili unairefusha na kuiongezea vifungo hadi inakuwa asidi ya arakidoniki, yenye kaboni 20 na vifungo vinne, kisha unaihifadhi ndani ya utando wa seli. Hapo inatulia kama mbegu ghalani. Siku seli ikiumia au ikishtuliwa, arakidoniki inakatwa kutoka kwenye utando, kimeng'enya kinachoitwa COX kinaidaka, na kinachotoka upande wa pili ni prostaglandini. Mojawapo, E2, kazi yake ni kuamsha ncha za mishipa ya fahamu zianze kulia kwa jambo dogo. Ndiyo maana goti lililovimba linauma hata likiguswa na shuka.

John Vane, akifanya kazi London, ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Aspirini ilikuwa imekwisha tumika zaidi ya miaka 70 bila mtu kujua inagusa wapi. Mwaka 1982 akashirikishwa Tuzo ya Nobel na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Sweden. Ibuprofeni na diklofenak hupita njia ileile.

Niliposoma hayo kwa makini, si kama mwalimu anayeandaa somo bali kama mgonjwa, niliiona mashine ya baba. Diklofenak inazima mota. Umeme ukirudi, mashine inaendelea kukamua, kwa sababu ghala limejaa mbegu ileile. Chakula hakizimi mota. Kinabadilisha mbegu inayoletwa, gunia kwa gunia, msimu kwa msimu.

Mbegu nyingine ni omega-3, ukoo mwingine wa asidi za mafuta. Zile zinazohusika zaidi hapa ni EPA na DHA, ambazo kwa wingi wake hutoka kwa samaki. EPA nayo ina kaboni 20, lakini vifungo vyake ni vitano. Inaingia kwenye utando huohuo, inagombania kimeng'enya kilekile, na kinachotoka ni dhaifu kuliko prostaglandini za arakidoniki. Tena kuanzia mwanzoni mwa karne hii, Charles Serhan na wenzake mjini Boston wamekuwa wakieleza jamii nyingine ya vitu vinavyotoka kwenye EPA na DHA, vinavyoitwa resolvini. Kazi yao ni kuuambia uvimbe kwamba kazi imekwisha, askari warudi kambini. Nilipenda sana kusoma hilo. Nilikuwa nadhani uvimbe huchoka wenyewe, kumbe kuna mjumbe anayetumwa kuusimamisha, na mjumbe huyo lazima atengenezwe na kitu ulichokula.

Kuna jambo jingine linalohusu pilipili. Kwenye mishipa ya fahamu kuna mlango unaoitwa TRPV1. Ndio unaofunguka ukila pilipili, na pia ukiguswa na joto kali. Ndiyo maana kwetu pilipili "inachoma". David Julius alipata Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian, kwa kazi iliyoanzia kwenye mlango huo. Mwaka 2009 watafiti wa San Antonio, Texas, walionyesha kwamba linoleiki ikishaoksidishwa hutoa vitu vinavyoufungua mlango huohuo, pilipili isiwepo kabisa. Mwaka 2021 kundi kutoka huko likaripoti kwamba panya waliolishwa omega-6 kwa wingi walianza kuumizwa na mguso wa kawaida, na walipopunguziwa omega-6 na kuongezewa omega-3 hali ilipungua. Panya si watu, najua. Lakini aliyewahi kuhisi mwanga wa dirisha ukimchoma kichwani kama pilipili kichaa atanielewa kwa nini niliusoma ukurasa ule mara tatu.

Kwa watu, utafiti ulionigusa zaidi ni wa Christopher Ramsden na wenzake, uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2021. Nitakaa hapa kidogo, maana mara nyingi tunapewa tangazo la kapsuli bila kuambiwa nani alipimwa na alipata nini.

Walichukua watu wazima 182 wenye kipandauso, wengi wao wanawake, wote wakiwa wanaendelea na matibabu yao ya kawaida. Wakagawanywa makundi matatu kwa wiki 16. Kundi la kwanza lilikula kama Mmarekani wa kawaida: linoleiki kiasi cha asilimia 7 ya nishati ya siku, samaki kidogo sana. La pili liliongezewa EPA na DHA hadi gramu 1.5 kwa siku, linoleiki ikibaki palepale. La tatu liliongezewa samaki vilevile, na linoleiki ikashushwa hadi isizidi asilimia 1.8. Walipewa sehemu kubwa ya chakula chenyewe, hawakumezeshwa vidonge. Matokeo yake, ukilinganisha na waliokula kawaida, kundi la tatu lilipunguza saa 1.7 za kuumwa kichwa kwa siku na siku 4 kwa mwezi. Kundi la pili, lenye samaki tu, lilipunguza saa 1.3 kwa siku na siku 2 kwa mwezi.

Siku nne! Kwa mtu mzima wa afya hizo ni Jumatatu hadi Alhamisi tu. Kwangu mimi ni vipindi 16 vya kidato cha tatu, na jioni nne ambazo binti yangu anaruhusiwa kuimba ndani ya nyumba.

Lakini waandishi wenyewe walisema wazi, nami lazima niseme: dodoso walilotumia kupima jinsi kichwa kinavyoathiri maisha ya kila siku halikuonyesha tofauti ya uhakika kati ya makundi. Saa zilipungua, siku zilipungua, ila kipimo kile cha maisha hakikusogea vya kutosha. Sijui tulichukulie vipi vinginevyo zaidi ya kukisema kama kilivyo. Anayekuuzia mafuta ya samaki kama dawa ya kuponya kipandauso hajausoma utafiti huu, au ameusoma akaukata mkia.

Basi mwaka juzi nikaanza wa kwangu, wa mtu mmoja, kwenye daftari la mistari. Kwanza niliandika miezi mitatu bila kubadilisha chochote. Wastani ulikuwa siku 11 za kichwa kwa mwezi. Kisha nikageuza jiko.

Kugeuza jiko la mtoto wa mkamua alizeti si jambo dogo. Kwetu mafuta hayapimwi kwa kijiko, yanamiminwa. Mboga bila mafuta kuelea juu huonekana mama mwenye nyumba hakumpenda mgeni. Niliacha kukaanga. Chipsi, maandazi na mihogo ya kukaanga niliviacha kabisa, maana huko mtaani mafuta huchemshwa leo, kesho na keshokutwa hadi yanakuwa meusi, na linoleiki ndiyo inayoharibika upesi kwa moto. Nikarudi kwenye mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, maharage yaliyoungwa kwa nazi kidogo, mchicha na matembele. Majani nayo yana omega-3 ya aina yake, ila mwili hugeuza sehemu ndogo sana kuwa EPA, na ndogo zaidi kuwa DHA. Kwa hiyo lazima samaki.

Na samaki si samaki tu. Sato na perege ni watamu, lakini hawana mafuta mengi, na omega-3 yao ni ndogo. Wanaotakiwa ni wale wenye mafuta: vibua, saradini, na dagaa wanaoliwa wazima na vichwa vyao. Gramu 100 za saradini huweza kukupa gramu moja na nusu hivi za EPA na DHA, yaani kiasi kilekile cha akina Ramsden. Saradini wa kopo nawanunua wale wa nyanya. Wengine huwa wamelowekwa kwenye mafuta ya soya au alizeti, na ukiwala na mafuta yake umeongeza kwa mkono mmoja ulichopunguza kwa mwingine. Dagaa wanafika Dodoma kutoka Mwanza kwa barabara ileile ya Nzega, Igunga na Singida, wanapita karibu kabisa na kwetu. Nanunua kwa kisado. Nachagua waliokaushwa juu ya chanja, siyo mchangani, na nawanusa kabla sijalipa. Dagaa mwenye harufu ya mafuta yaliyochacha ameshapoteza kile ninachomfuata. Nikifika nyumbani nawachemsha na nyanya, kitunguu, ndimu na bilinganya. Mume wangu alilalamika wiki mbili, sasa ndiye anayenikumbusha kisado kimeisha.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika. Wa pili pia. Nilikuwa najua kwa nini, na kujua kulinisaidia nisikate tamaa: seli nyekundu za damu huishi siku kama 120, na mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi hubadilika kwa miaka, si kwa wiki. Ghala halimalizwi kwa siku moja. Mwezi wa nne siku zikawa 9. Wa sita, 7. Tangu hapo zinacheza kati ya 6 na 8, na lile doa la mwanga huja bado, lakini mara nyingine hupita bila kuleta kichwa.

Je, ni dagaa? Mwaka mmoja kabla ya daftari, daktari mwingine, aliyenisikiliza nusu saa nzima, alinieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: kwamba kumeza parasetamoli au diklofenak siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mfululizo, kunaweza chenyewe kuzaa kichwa cha kila siku. Nilikuwa nameza karibu kila siku, tumbo likiwaka moto. Alinipunguzia, akanianzishia dawa ya kinga ya usiku, amitriptilini, ambayo naitumia hadi leo. Huenda mwili wangu ulikuwa bado unajirudi kutokana na hayo. Huenda ni usingizi. Daftari la mtu mmoja haliwezi kutenganisha, na mtu asiache dawa yake kwa sababu yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba utafiti wa watu 182 na daftari langu vinaelekea upande mmoja.

Kwa mama haikuwa hivyo. Magoti yake yamelika. Anapoinuka kwenye kigoda unasikia. Nikiwa na furaha ya daftari langu nilimnunulia kapsuli za mafuta ya samaki, ghali kweli, nikampelekea kila mwezi kwa miezi sita. Alizimeza kwa utii wote kwa sababu zimetoka kwa mwanawe. Siku moja nikamwuliza, "Mama, magoti yanasemaje?" Akasema, "Mwanangu, yanakusalimu." Sikuhitaji kuuliza tena.

Baadaye nikausoma utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020: watu 1,398 wenye maumivu ya goti, gramu moja ya omega-3 kwa siku, wakafuatiliwa wastani wa miaka mitano. Hakukuwa na tofauti na waliopewa vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani. Na huko Australia mwaka 2016, wagonjwa 202 wa magoti yaliyolika walipewa ama kiasi kikubwa au kidogo cha mafuta ya samaki kwa miaka miwili, na waliopewa kidogo ndio waliopata nafuu zaidi. Ningesoma kwanza ningeokoa pesa. Goti lililolika kwa miaka 60 ya kubeba ndoo na magunia si jambo moja na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe inashambulia viungo. Kwenye baridi yabisi ushahidi una nguvu zaidi: uchambuzi wa mwaka 2007 uliokusanya majaribio 17 ulionyesha kwamba omega-3 kwa miezi mitatu hadi minne hupunguza maumivu, hupunguza muda wa viungo kukakamaa asubuhi, na huwafanya wagonjwa wahitaji dawa za maumivu kwa uchache. Maumivu yana majina mengi, na kila jina lina njia yake. Mama sasa anafanya mazoezi ya kuinuka kwenye kiti aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na hayo yamemsaidia kuliko makopo yangu yote.

Kuna utafiti mmoja wa nyumbani ambao naufikiria mara kwa mara. Ulichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1996 na Paolo Pauletto na wenzake, na unajulikana kwa jina la Lugalawa, kijiji cha Ludewa, kusini kwetu. Watafiti walilinganisha wanakijiji wa milimani, waliokula karibu mimea mitupu, na wenzao wa mwambao wa Ziwa Nyasa, waliokula samaki kila siku, gramu 300 hadi 600. Watu wa asili moja, maisha yanayofanana, tofauti kubwa ikiwa kwenye sahani. Damu ya watu wa ziwani ilikuwa na omega-3 nyingi zaidi, na shinikizo lao la damu lilikuwa chini. Nawaza usipa, dagaa wa ziwa lile, waliomwagwa juani ufukweni, nawaza akina mama wanaotoka kuwaanua, na ningetamani mtu arudi pale na swali la pili. Watafiti wale walikuja kwa ajili ya moyo. Sijui akina mama wale wangejibu nini wakiulizwa habari za vichwa vyao, viuno vyao na magoti yao, lakini maabara ya namna hiyo haipatikani Boston wala Texas.

Likizo ya Desemba nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa amenitengea dumu la lita 20, kama kila mwaka, limefungwa kwa kipande cha nailoni. Nilikuwa sijamwambia chochote. Mdogo wangu ndiye aliyetoboa, mezani, kwamba dada siku hizi hali mafuta, anasema yanaleta kichwa.

Baba akaweka tonge chini. Alikaa kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unataka kuniambia nimewalisha ugonjwa?"

Nimefundisha kemia miaka 12 na sijawahi kupewa swali zito kama lile. Nilimwambia hapana, baba. Nikamweleza habari za wale panya wa Minnesota, kwamba bila kilichomo kwenye alizeti yake tusingekua. Nikamwambia ada yangu ya shule ilitoka kwenye mashine ile na siwezi kuisahau. Nikamwambia moyo wake mwenyewe huenda unayashukuru mafuta yale. Ila nikamwambia pia ukweli, kwamba kichwa changu kinahitaji kijiko pale ambapo tulizoea kumimina, na samaki pale ambapo hatukuwa na mazoea ya samaki. Alisikiliza. Ni mtu wa mashine. Unapomwambia kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini, hahitaji mfano mwingine.

Kisha nikamwambia jambo ambalo yeye, mkulima, alilidaka kabla sijalimaliza. Mafuta ya alizeti hayafanani. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu ya kawaida yawe na linoleiki kuanzia asilimia 48 hadi 74, na kuna mbegu zilizochaguliwa ambazo mafuta yake yana chini ya asilimia 17, nafasi kubwa ikichukuliwa na asidi ya oleiki, ileile ya zeituni. Hata mbegu ya kawaida ikijaza punje wakati wa joto kali, linoleiki hupungua na oleiki huongezeka. Ikijaza kwenye baridi, huwa kinyume chake.

Baba akainua kichwa. "Kwa hiyo ile ya bondeni na ile ya kule juu si mafuta mamoja?"

"Huenda si mamoja, baba."

"Ile ya bondeni hujaza mwezi wa tatu, jua likiwa kali. Ya juu huchelewa, inakuta upepo." Akanawa mikono, akatoka. Tukasikia mashine ikiwashwa, usiku ule ule, kwa gunia moja; ikazimwa, ikawashwa tena. Aliporudi alikuwa ameshika chupa mbili za maji zilizojaa mafuta, moja imefungwa uzi mwekundu shingoni, nyingine haina uzi.

Zipo hapa kabatini kwangu, nimezizungushia gazeti zisipigwe na mwanga. Nimeuliza kwenye maabara ya chuo bei ya kupima asidi za mafuta kwa kila sampuli, nami naweka akiba kidogo kidogo. Baba hupiga simu kila Jumapili. Siku hizi, baada ya salamu, anauliza kichwa, halafu anauliza chupa.